Utabiri wa Arusha, Makopa ya Nanyamba

Siku ile mpumbavu alikuwa Thabiti, na afadhali tuliseme mapema, maana kijijini kwao walilisema kwa muda mrefu kuliko sisi.

Enzi hizo, miaka ya mwanzo ya sabini, kijiji chao karibu na Nanyamba, mkoani Mtwara, kilikuwa na redio moja tu. Ilikuwa ya Mzee Abdulrahmani, fundi cherehani, naye aliitunza kama bibi harusi. Aliivika kitambaa cha kufumwa, na betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu. Kila jioni, ikisha taarifa ya habari, msomaji alisoma hali ya hewa mkoa baada ya mkoa. Alianzia kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, akateremka taratibu kama mtu asiye na haraka. Mtwara ilikuja mwisho, kitindamimba.

Thabiti alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaa barazani kwa fundi, kusikiliza mpaka mwisho, kisha kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza akina mama. Msimu huo walikuwa wakikausha makopa, vipande vya muhogo uliomenywa, kwenye mikeka uani. Makopa ndiyo ugali wa miezi ya mvua, wakati ghalani hamna kitu na shambani ni majani matupu. Yakinyeshewa huota ukungu, na nyumba hulala njaa.

"Karibu, Bwana Hali ya Hewa!" jirani yao Bi Mwanahawa alimwita kila alipopita, akimtilia karanga za kukaanga kiganjani. "Mbingu zimekuambiaje?"

Thabiti alivimba kichwa, akajibu kwa sauti nzito kama ya msomaji.

Sasa, jioni moja msomaji alikuwa bado yuko Kilimanjaro, Lukasi, rafiki wa Thabiti, akatokea mbio.

"Thabiti! Wale wa kijiji cha pili wamekuja na mpira wa ngozi! Wa ngozi, si wa matambara! Na golikipa wetu anaumwa jino!"

Thabiti alitazama redio, akatazama barabara. Kaskazini kote jua kali, hakuna mvua. Akajiambia, jua si ni hilo hilo moja? Likiwaka Arusha, huku kwetu litazimwa na nani?

"We Thabiti," fundi alimwita bila kuinua macho kwenye cherehani, "Mtwara bado!"

"Nimeshasikia, Mzee!"

Walifungwa vibaya, na mabao mengi yalipita katikati ya miguu yake. Jua likizama, alipita nyumba kwa nyumba na vumbi lake. "Kesho jua kali, hakuna mvua."

Bibi yake aliyemlea, Bibi Mwasiti, aliguna. "Una hakika, mume wangu? Kesho wanawake wote tunakwenda kulima bondeni. Hapa hatabaki mtu."

"Redio imesema, bibi."

"Haya. Kati yangu na redio, aliyesoma ni redio."

Asubuhi akina mama walianika makopa, wakashika majembe, wakaenda zao.

Mvua ilimkuta Thabiti darasani. Lilianza tone moja juu ya bati, kisha mbingu zikafunguka. Mvua ya kwanza ya mwaka, nani aliyesoma shule zile asiikumbuke? Harufu ya vumbi lililolowa, mwalimu kasimama na chaki mkononi kwa kuwa hasikiki, watoto wakiomba ruhusa wakaoge. Darasa zima lilishangilia isipokuwa mmoja.

"Mwalimu, makopa!" Thabiti alipiga kelele, akatoka mbio bila kungoja jibu. Lukasi akamfuata.

Waliburuta mikeka ya nyumba ya kwanza, wakaburuta ya pili. Mkeka uliolowa ni mzito kama gogo. Walipofika kwa Bi Mwanahawa, makopa yalikuwa yanaelea.

Akina mama walirudi wameloa chapachapa, wakaanza kuokota yaliyokuwa yakielea. Ndipo Mzee Abdulrahmani, aliyeondoka alfajiri kwenda Nanyamba kununua nyuzi, akaja amejifunika gunia, na wote wakamgeukia.

"Fundi, redio yako imetuua!"

"Katupe shimoni hilo sanduku la uongo!"

Mzee Abdulrahmani alifungua kinywa, akamtazama Thabiti, akakifunga. Thabiti alijua kwamba akinyamaza, kosa litabaki kwa redio.

"Si redio," alisema. "Niliondoka haijafika Mtwara. Niliwapa hali ya hewa ya Arusha."

"Ya wapi?"

"Arusha."

Bi Mwanahawa alishika kiuno. "Basi nenda kawaambie hao wa Arusha watuletee ugali!"

Walicheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake. Kisha wakashika kazi. Makopa yaliyofaa yalipandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga, yakaushwe kwa moto na moshi. Thabiti ndiye aliyeuchochea moto huo, kwao na kwa Bi Mwanahawa, mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili. Muhogo uliobaki shambani ulichimbwa, akaumenya yeye, na jua liliporudi ukaanikwa. Masika hayo walikula ugali wenye harufu ya moshi, lakini hakuna nyumba iliyolala njaa. Waliokuwapo hudai mpaka leo kwamba hawajaonja tena ugali mtamu kama ule. Huenda ni kweli, au huenda wanaukumbuka utoto wao tu.

Jioni moja, rundo la muhogo likiwa mbele yake, Thabiti alijaribu kujitetea.

"Lakini bibi, sikubuni hata neno moja. Yote yalitoka redioni."

"Yalitoka redioni, ila yalikuwa na wenyewe," alisema Bibi Mwasiti. "Ukweli wa watu wengine ukitupa sisi kama wetu, umetudanganya."

"Sasa mngenicheka! Kila mlango mnaningoja, Bwana Hali ya Hewa, Bwana Hali ya Hewa! Ningesema nini?"

Bibi Mwasiti aliweka kisu chini.

"Ungesema 'sijui', mume wangu. Neno hilo halijawahi kulowesha makopa ya mtu."