Hatua Moja Kulia

Jumatano, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili chafu na jasho la watu wasioaminiana. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mezani, juu ya blanketi, ililala bunduki ndefu, na kando yake darubini tatu. Kamati alizitazama kama mtu anayechagua viatu.

Walimwita Kamati kwa sababu aliamua kila kitu peke yake.

"Hii," alisema, akinyanyua kubwa kuliko zote. "Hii inavuta mpaka unamwona nzi akinawa mikono."

"Iweke chini," Fundi akasema.

Fundi alitengeneza miwani na kamera miaka mingi kabla kazi ya halali haijamtupa mkono. Aliichukua ile kubwa, akachungulia dirishani. "Inavuta, sikatai. Lakini unaona kipande kidogo tu, na ukipumua dunia yote inaruka. Hii ya pili imeingia ukungu, haifai hata kuchungulia majirani." Akaigonga ya tatu, nyeusi, iliyochubuka. "Tunachukua hii. Kioo chake safi, na ukishaipangia shabaha haihami."

"Ina sura mbaya."

"Kwani tunaiposa?"

Dereva aliangua kicheko. Hata Bubu alitabasamu. Bubu ndiye mlenga shabaha wao. Ulimi alikuwa nao, ila aliutoa kwa nadra.

Kamati akachora mpango kwa chaki, hapo hapo mezani. Gari la dhahabu litatoka mgodini Ijumaa. Mlinzi anayekaa mbele ni mtu wao: mdogo wake Fundi, kitindamimba wa mama yao, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye dili. Wakifika kwenye kalavati, mlinzi atalalamika kwamba tairi linagonga. Gari litasimama, atashuka kuangalia. Bubu, kutoka kilimani, atatoboa injini. Kamati na Dereva watatokea na silaha. Mlinzi atafungwa kamba pamoja na mwenzake, asishukiwe.

"Damu hapana," Fundi akasema. "Nilimwahidi dogo."

"Damu ya nini? Sisi wachinjaji?" Kamati akafuta chaki kwa kiganja.

Fundi akaanza kazi. Alipangusa grisi juu ya bunduki, pale darubini inapokaa, akafunga pete za chini, akailaza darubini. Akamwambia Bubu aweke bunduki begani huku amefumba macho, kisha afumbue. Jicho lilitakiwa likutane na kioo lenyewe, shingo isihangaike. Akaisogeza nyuma kidogo. Akatundika timazi ukutani, uzi wenye nati nzito, na kuizungusha darubini hadi mstari wa msalaba ulio ndani ya kioo ulipolala juu ya uzi. Ndipo akashika bisbisi. Skrubu moja huku, nyingine kule, kidogo kidogo.

"Kaza basi, mzee!" Dereva akahimiza.

"Ukizidisha unaminya bomba. Haraka haraka haina baraka."

Alhamisi, mchana.

Walikwenda kwenye machimbo ya mawe, ambako baruti zililipuka na hakuna aliyejali mlio mmoja zaidi. Bubu alipiga, Fundi akageuza vifundo vya darubini, vile vinavyohamisha shabaha. Bubu akapiga tena. Ilipofika risasi ya mwisho, tundu lilikaa pale pale palipokaa msalaba. Fundi alifurahi, Mungu amsamehe. Kazi nzuri ni kazi nzuri, hata mikononi mwa wezi.

Walirudi gereji jua likiwa bado kali. Fundi alikuwa amesahau bisbisi yake garini. Alipopita kwenye dirisha la stoo alimsikia Kamati.

"Achana na injini. Akishashuka, mlaze yeye. Mtu wa ndani ndiye wa kwanza kukamatwa, na akikamatwa ataimba."

Kisha sauti ya Bubu, nyepesi, kama mtu aliyeombwa chumvi.

"Sawa."

Fundi alijibanza ukutani. Kumpigia dogo? Simu zote Kamati alikwisha kuzikusanya, desturi yake kila kazi ikikaribia. Kutoroka? Dereva alikaa getini na bastola. Kumwuliza Bubu? Katika genge lile maneno ya kazi yalisemwa mezani mbele ya Kamati, au hayakusemwa. Aliyewahi kunong'ona pembeni alizikwa bila sanda. Na Bubu kashasema sawa.

Ijumaa, asubuhi.

Fundi alikabidhiwa bunduki aifute vumbi. Aliketi peke yake nyuma ya gari bovu, akafungua kifuniko cha kifundo cha pembeni, kile cha kushoto na kulia, akageuza. Alihesabu umbali wa kilimani hadi kalavati, akageuza tena kidogo. Risasi ingepita hatua moja kulia. Akafunga kifuniko, akapangusa alama za vidole.

Kamati angejua ni nani. Angemwua, na isingekuwa haraka. Na iwe. Kitindamimba atarudi kwa mama.

Ijumaa, adhuhuri.

Kilimani palikuwa na majani makavu na mawe ya moto. Bubu alilala kifudifudi nyuma ya bunduki. Fundi alilala kando yake na darubini ya mkono, kumsomea upepo.

"Fundi," Bubu akasema ghafla.

"Nini?"

Bubu akatazama redio iliyokuwa katikati yao. Upande wa pili Kamati alikuwa akisikiliza.

"Basi."

Gari likatokea. Likapunguza mwendo. Likasimama penye kalavati. Mlango ukafunguliwa, mdogo wake akashuka, akajinyoosha kiuno kama alivyozoea tangu utotoni. Alisimama kando ya mlango, na ukitazama kutoka kilimani, injini ilikuwa hatua moja kushoto kwake.

Bubu akatoa pumzi. Akapiga.

Kitindamimba alikaa chini barabarani, kisha akalala.

Dereva wa gari la dhahabu hakungoja. Injini yake ilikuwa nzima. Alikanyaga mafuta, akapotea na mzigo wote, na redio ikajaa matusi ya Kamati.

Bubu alikuwa ameachia bunduki.

"Nililenga injini," alisema. "Wallahi, Fundi, nililenga injini! Nilikuwa namwacha aishi."

Fundi hakumtazama. "Niligeuza kifundo. Nilikusikia ukisema sawa."

"Ningemwambia nini Kamati? Mbona hukuniuliza?"

"Mbona hukuniambia?"

Mbali, king'ora kililia. Bubu akamvuta mkono, akamvuta tena, kisha akakimbia peke yake.

Fundi aliteremka kilima hadi barabarani. Alikaa kwenye lami, akakiweka kichwa cha mdogo wake mapajani, akamfunga vifungo vya shati, maana mama hakupenda mtu wake akae kifua wazi. Alilia kwa sauti. Magari ya polisi yalipofika hakuinuka.

"Wewe ni nani wake?" askari akauliza, bunduki mkononi.

"Kaka yake."

Askari akashusha bunduki. "Pole sana, ndugu yangu. Umemwona aliyempiga?"

"Nimemwona," Fundi akasema, akamnyooshea mikono yote miwili.