Kanga ya Gertruda

Mwaka ule mitumba iliporuhusiwa, soko la Mbinga lilifurika makoti ya baridi, sidiria na soksi zisizo na wenzao. Mwanahawa, binti wa mzee Masoudi mwenye duka, alikuwa amesimama juu ya robota lake la nguo, gauni la maua mekundu, kilemba cha njano, akinadi kwa sauti ya kuwanyamazisha wenzake. Mwanamume mmoja mrefu akapita akamkanyagia blauzi.

"We kaka! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Natafuta mdoli."

"Mdoli? Na ndevu zote hizo!"

Mwanamume hakucheka. "Mwanangu amelazwa hospitali. Amevunjika paja, mguu wameutundika kwa mawe ya kuuvuta, hawezi hata kujigeuza. Tangu kahawa ichanue hadi leo."

Mwanahawa aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alifukua robota zima akapata mdoli wa kitambaa wenye jicho moja. "Mpelekee. Kesho nitakuja mwenyewe kumwona."

Akaja kweli, na keshokutwa akaja tena. Alimletea Vitalia, yule mtoto, uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha, akamsuka akiwa amelala vilevile chali, akamtungia vifungo vya rangi kwenye uzi wa kuchezea. Mtoto wa miaka sita, mwezi mzima akiangalia dari, akaanza kucheka. Na Tobias, baba yake, mgane kutoka Matiri, akaanza kusubiri mlangoni pa wodi na shati lililopigwa pasi.

"Leo umechelewa."

"Unanisubiri wewe au mtoto?"

"Mtoto."

"Muongo mkubwa!"

Basi, tusifichane: Mwanahawa alikuwa amekwisha. Alimwambia kwa mdomo wake kwamba anampenda, na Tobias akamshika mkono.

Sasa, Vitalia alikuwa akilala na kanga iliyopauka, ina moshi na mafuta, ameibana puani. Na muuza mitumba ana ugonjwa wake: nguo ikitoka robotani haitundikwi mpaka ilowekwe, ifuliwe, itiwe bluu ya kung'arishia na kupigwa pasi. Mchana mmoja, mtoto amelala fofofo, Mwanahawa aliichomoa ile kanga akaifua. Aliirudisha inang'aa, akifurahia kazi ya mkono wake.

Vitalia alipoamka aliivuta puani. Akanusa. Akaigeuza, akanusa upande wa pili. Kisha akapiga ukelele.

"Mama hayumo!"

Siku hiyo hakula. Kesho yake akatema uji. Tobias akaja, macho mekundu.

"Nani alikutuma?"

"Ilikuwa chafu, Baba Vita."

"Haikuwa chafu! Mama yake, Gertruda, aliivua asubuhi ile anakwenda kujifungua mdogo wake, asirudi yeye wala kichanga. Haijaguswa na maji tangu siku ile."

"Ungeniambia! Ningejuaje, mpenzi wangu? Mtoto nitambembeleza..."

"Si mtoto tu!" Wodi nzima iligeuka. "Akilala, na mimi huinama nikainusa. Hata siku ile uliponiambia unanipenda, ulipoondoka tu niliinama nikainusa."

Mwanahawa aliitazama ile kanga kitandani. Mke aliye hai angepambana naye, wangetoana kilemba sokoni. Huyu angemfanya nini?

"Nitakuja kwa ajili ya Vitalia mpaka atoke," alisema. "Kwako sitakuja tena."

"Mwanahawa, nisamehe, ni hasira."

"Si hasira, Tobias. Umesema kweli, na kweli yenyewe imeniuma."

Akawa anakuja Jumapili, Tobias akiwa misani. Alimlisha mtoto kijiko kimoja kimoja huku akimwomba amsimulie habari za mama yake: alivyocheka, alivyopika. Polepole Vitalia akarudi kula.

"Dada Hawa," alisema Vitalia Jumapili moja, kichwa kikiwa mikononi mwa Mwanahawa akisukwa, "baba anauliza huwa unakuja saa ngapi."

"Mwambie hujui."

"Lakini najua."

Mwanahawa alichukua kitana akapasua mstari wa nywele, ukaenda upande. Akaufuta, akaupasua upya, na bado haukunyooka.