Uzi Uliokatika Mara Tatu

Kila Jumamosi Kijino alifagia vipande vya vitambaa, akapaka cherehani mafuta, kisha akajifunza kushona dukani kwa shangazi yake. Shangazi, fundi wa nguo, alikuwa na sharti moja: ukiharibu nguo ya mteja, cherehani basi!

Kwenye cherehani ya pili alikaa binamu yake. Walimwita Twiga, japo kirefu kwake kilikuwa mdomo, si shingo.

"Pindo gani hilo?" alisema Twiga. "Limejikunja kama mkia wa nguruwe!"

"Shona lako, langu linakuwashia nini?"

"Nenda ukashone magunia wewe!"

Kijino akakanyaga pedali kwa nguvu. Pa! Uzi ukakatika. Akautunga, ukakatika tena. Twiga akacheka hadi akashika mbavu. "Hata uzi hautaki kazi na wewe!"

Ulipokatika mara ya tatu, Kijino alinyakua mkasi, akalivuta gauni la mteja ambalo Twiga alikuwa amelimaliza, akaupanua mkasi juu yake.

"Cheka sasa! Si ucheke?"

Twiga hakucheka.

"Usikate," alisema Shangazi mlangoni. "Gusa masikio yako kwanza."

"Shangazi, kanichokoza!"

"Nimesikia. Mdomo wake nitaushona mwenyewe, uzi ninao. Gusa."

Kijino akagusa. Moto kama pasi! Meno yameumana, miguu inatetemeka.

"Yameanza lini hayo?"

"Uzi ulipo… hapana. Kabla ya uzi."

"Basi mwili ulikupigia hodi, ukajifanya huna masikio. Mguu uliojaa hasira hukata uzi, mwanangu. Mkono ndio ungemaliza gauni."

Kijino akauweka mkasi. Akatoka, akanywa maji, akavuta pumzi taratibu mpaka meno yakaachana. Twiga alipewa mishono mitano ya kufumua, akanuna.

"Umerudi, fundi magunia?" akanong'ona.

Masikio yakaanza kupata moto. Kijino akauondoa mguu kwenye pedali, akangoja. Yalipopoa, akasema, "Maneno hayo siyataki, Twiga. Ukirudia, nitahamishia kazi yangu kule mlangoni." Akashona pindo lote, na uzi haukukatika.

Shangazi alilipima pindo kwa jicho moja. "Jumamosi ijayo utashona mikono ya shati," alisema. "Kukasirika si kosa. Ila hasira hupita mwilini kabla ya kufika mkononi. Ikamate ikiwa bado masikioni."