King'ora Nilichokinyamazisha

Tegeni masikio, wapendwa. Walio nyuma wasogee mbele. Leo sijasimama kama mwalimu wenu wa kila juma; nimesimama kama mkosaji, na Mungu aonaye sirini ndiye shahidi wangu.

Mnajua mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi. Mnajua miezi miwili iliyopita nilimzika mdogo wangu, Kitinda wetu. Msilolijua ni hili.

Wiki ya tatu baada ya maziko, jua likizama, mkuu wa zamu alinituma chumba cha mafunzo kuchukua miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa, unajikuta katika wodi iliyochorwa na kompyuta: vitanda vitatu, wagonjwa wasio na damu. Humo tunajifunza kuokoa, ili tukikosea asife mtu.

Fundi wa mitambo alikuwa akikunja nyaya.

"Sista, ijaribu kwanza. Tangu juzi ina wazimu. Au imemkumbuka bingwa wake?" Akacheka, akatoka.

Nikaivaa.

Kitanda cha kwanza. Cha pili. Cha tatu...

Cha nne.

Ikanijia harufu ya mafuta ya watoto, yale ambayo Kitinda alijipaka hadi utu uzima tukimcheka. Miwani huonyesha, wapendwa. Hainukishi.

Kisha king'ora. Tii... tii... tii...

"Dada," sauti ikanong'ona. "Mbona ulininyamazisha?"

Nikaivua. King'ora hakikukoma.

Sikilizeni sasa dhambi yangu. Kitinda alikuwa amelazwa katika wodi yetu, akipumua kwa mashine. Siku aliyokufa, mwenzangu wa zamu aliniambia, "Niangalizie mdogo wako dakika tano, nifuate dawa."

"Nenda, shoga, nipo."

Nipo! Kumbe nilikuwa nimeshika miwani, upande wa pili wa kioo cha chumba chake, nikitamani alama ambazo hakuna muuguzi aliyewahi kuzifikisha. Nikaivaa. King'ora kikalia. Nikadhani ni cha zoezi. Nikanyoosha kidole hewani, nikabonyeza kitufe kilichochorwa cha kunyamazisha. Kikalia tena. Nikabonyeza tena. Mgonjwa wa kompyuta akapona, na maandishi yakang'aa mbele yangu: Hongera, umeokoa maisha.

Nilipoivua, mpira wa mashine ya kupumulia ulikuwa umechomoka. Midomo ya Kitinda ilikuwa imegeuka rangi.

Nikaurudishia. Nikamkandamiza kifua mpaka mwenzangu akaja kunipokea. Hakurudi.

"Moyo umesimama ghafla," nikasema.

Mama hakukubali. "Mwanangu alikuwa anapata nafuu! Hapa kuna mkono wa mtu." Na mkono huo akauona kwa shangazi, mjane asiye na mtoto, aliyemletea mgonjwa shuka safi siku hiyohiyo. Ndugu wakasema shuka lilikuwa na dawa. Wakamwita mchawi, wakamtupia vyombo vyake nje. Shangazi akanitazama mimi, msomi wa nyumba.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie."

Nikainamisha kichwa.

Sasa turudi jioni ile ya miwani, king'ora kikiendelea kulia: fundi alirudi mbio. "Sista, mbona hiyo kitu inalia?" Akaichomoa betri, akaishika kiganjani.

Tii... tii... tii...

"Dada... mwambie Mama."

Fundi akarudi nyuma hadi ukutani. "Nani huyo?"

Kesho yake aliikagua, akaandika kuwa ni hitilafu ya spika. Programu ina vitanda vitatu tu. Akaomba kuhamishwa, na hadi leo hapiti karibu na chumba kile.

Ilinichukua wiki nyingine tano kufungua kinywa. Jana nilimpigia Mama magoti, nikamweleza yote. Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Aliuliza neno moja tu:

"Alihangaika?"

"Ndiyo, Mama."

Akafunga khanga yake, tukaenda kwa shangazi. Hakutufungulia. Kutoka ndani tukasikia, "Safari hii mmekuja kutupa nini nje?"

Mama akaketi kizingitini, akalia kama mtoto.

Wapendwa, wengine wetu hutafuta mchawi ili tusijitazame. Shangazi alikuwa akiketi humu humu, safu ya tatu, na ninyi mlisogeza viti vyenu mbali naye mpaka akaacha kuja. Mliamini uongo nilioufumbia macho kwa sababu ulikuwa mwepesi kuubeba. Rehema bado ipo, lakini haitatufuata tukiwa tumeketi. Yeyote kati yenu aliyemwacha mwingine abebe kosa lake, akalikiri leo, kabla aliyelibeba hajafa nalo.

Inukeni. Twendeni kwake sasa, tukapige magoti nje mpaka atufungulie.