Chumba Chenye Nyota Tano

Mama yangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, na kesho yake alikuwa afanyiwe upasuaji katika mji tusioujua. Mdogo wangu tulimwacha nyumbani. Chumba cha kulala nilikitafuta mimi, kwenye simu.

"Usilipe kabla hujaisikia sauti ya mwenye nyumba," alinionya. "Picha haijibu salamu."

"Mama nawe! Kina nyota tano. Wageni wote wanakisifia." Mimi ndiye mjuaji wa nyumbani, mtaniambia nini? Nikalipa.

Tulifika jua likizama. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kilekile cha pichani... kilekile mno. Pazia lilipeperushwa na upepo likabaki hivyohivyo, halirudi. Kikombe mezani kilifuka moshi, na moshi wenyewe umesimama. Harufu ya udongo mbichi ilijaa puani.

"Hodi," nikaita.

Mama akanibana mkono. "Mwanangu," alinong'ona, "mbona wamejaa humu?"

"Nani, mama?"

"Watu. Sikiliza wanavyopumua."

Jamani! Mara simu ikatetemeka. Ujumbe wa mwenye nyumba: "Karibuni. Bonyeza 'Nimefika', niwashe taa."

Giza lilikuwa linaingia, nami nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Niliuachia mkono wa mama, nikabonyeza.

Taa haikuwaka. Hata ile nuru ya dirishani ilizimika.

"Mama!"

Nikapapasa... nikapata mkono.

Wa baridi.

Nikauvuta, tukatoka mbio, hatukusimama hadi kwenye benchi la mapokezi ya hospitali. Njia nzima hakusema neno. Nilidhani ni hofu, maana hata mimi meno yalikuwa yakigongana.

Asubuhi daktari alimmulika macho, akanigeukia kwa hasira. "Huyu mmemleta kufanya nini? Macho yake ni mazima kabisa."

Mama akatabasamu. Akasoma bango la ukutani, mpaka maandishi madogo ya chini. Manesi wakapiga makofi, wakanipa hongera.

Nilitoka nje nikaufungua ule ukurasa wa chumba. Picha ni ileile, pazia lilelile. Ila sasa kitandani alikaa mwanamke, amenyoosha mkono mbele, anapapasa hewa. Kilemba alichovaa nilimfunga mwenyewe.

Nimerudi mtaa ule nimelia mpaka sauti imekauka. Palipokuwa na mlango pana ukuta mtupu. Nikitaka kukilipia tena chumba kile, naambiwa kimejaa.

Yule niliyetoka naye naishi naye. Anapika, anacheka na majirani, wote wanasema Mungu ametutendea. Nitamwambia nani, nikaeleweka?

Jana alinikuta nalia juu ya simu. Akaichukua taratibu, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kizuri," alisema, kwa sauti ya mama yangu. "Safari hii tumpeleke mdogo wako."