Mkuki Mlangoni

Treni ilikuwa imejaa watu wanaotoka kazini, na mlango ulikuwa umebana mfuko mmoja mrefu ajabu. Mwenye mfuko, dada wa suti nyekundu ya michezo na kitambaa cha njano kichwani, alikuwa akihangaika kuuvuta. Gwakisa akauzuia mlango kwa bega.

"Dada, unachunga ng'ombe hapa Washington?"

"Huu ni mkuki. Na ni wa kurusha, so chunga mdomo wako."

Aliitwa Chelagat, mhudumu wa wazee huko Falls Church. Kabla hawajashuka alikuwa ameshamsimulia habari za Eino Rautala, Mfini mkata magogo na mrusha mkuki wa miaka ile baina ya vita vikuu viwili. "Michezo yake ya kwanza akawa wa nne, kiwiko kimeumia. Wakamwambia arudi kwa magogo yake. Aki, baada ya miaka minne akabeba dhahabu na throw ya mwisho!" Macho yalimng'aa, na Gwakisa akajua amekwisha.

Mwaka haukuisha, akaamua kupeleka posa. Tarehe walipanga wazee; bibi harusi hakuulizwa, ndiyo desturi. Jumamosi iliyopangwa wajomba wawili wa Gwakisa, suti na tai, waliketi naye kwa shangazi wa Chelagat huko Temple Hills mpaka chai ikapoa. Gwakisa akapiga simu.

"Mpenzi, uko wapi? Wazee wanakungoja."

"Niko uwanjani Annandale. Fainali ni leo, nimeingoja tangu kiwiko changu kipone. Nilimwambia auntie, akasema tarehe ni mambo ya wakubwa."

"Kwa hiyo mkuki umenishinda mimi?"

"Gwaki, Eino pia aliambiwa aache. Sikujua na wewe ni wa hao." Akakata.

Gwakisa aliona aibu tupu. "Wajomba, kosa ni langu, sikumuuliza. Twendeni uwanjani."

"Na suti hizi?" aliuliza mjomba Phineas.

"Hivyo hivyo, mjomba."

Walimkuta amebakiza mrusho mmoja. Chelagat aliziona zile tai kwenye viti vya watazamaji, akacheka, kisha akakimbia. Mwili ulijipinda, mkono ukafyatuka, na Gwakisa akasahau kupumua. Hakuwa ameona kitu kizuri kama kile maishani mwake. Mkuki ulichoma nyasi mbali kuliko alivyowahi kurusha, na mjomba Phineas akapiga kelele kumshinda kocha.

Chelagat akaja ameshika kiwiko, machozi yanamlengalenga. "Nimekuwa wa nne."

"Kama Eino mara ya kwanza."

"Miaka minne tena ya mazoezi, Gwaki. Utaweza?"

"Tarehe ya posa panga wewe, na ya harusi pia." Akaupokea ule mfuko mrefu, akautia begani. "Mimi nitazuia mlango."