Jiwe Kwenye Ndoo

Kila asubuhi Benigna alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akaenda jikoni kumwamkia bibi yake. Nyumba yao ilikuwa Bombambili, mjini Songea, jirani kabisa na shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na chai hakuipata mpaka ajibu kitendawili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ndugu watatu wamebeba mzigo mmoja. Kila siku wanachomwa moto, lakini hawalii."

Benigna akacheka. "Mafiga! Hicho rahisi mno, Bibi."

"Haya, kunywa chai. Iko siku nitakutegea kigumu."

Wiki ile mama yake alikuwa kijijini Lusewa akimuuguza dada yake. Mapishi yote yakawa ya Benigna na Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Na kama vile kazi hizo hazitoshi, baba akamwongezea nyingine.

Baba yake, mzee Romanus, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule. Wazazi walitaka kujenga madarasa mawili mapya, yenye msingi wa mawe. Zamani mawe yaliletwa na shirika la umma. Ulichopewa ndicho ulichojengea, na ulishukuru. Lakini miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mtu yeyote mwenye chimbo na lori aliweza kuuza mawe. Mmoja wao, Bwana Sixbert, mwenye chimbo njia ya Madaba, alileta jiwe moja ili kamati ilione. Lilikuwa la kijivu, limechongwa pande zote kama mkate.

"Kwa macho ni zuri," alisema fundi Polikarp, mzee aliyejenga kwa mawe tangu ujana wake. "Lakini nyumba haikai juu ya macho. Kabla hatujaagiza malori sitini, jiwe hili lilowekwe usiku, lianikwe mchana. Wiki nzima. Jumamosi nitakuja kuligonga."

Mzee Romanus akamgeukia binti yake. "Benigna, kazi hiyo ni yako. Na unisikie vizuri: Jumamosi nalitaka jiwe hili zima kama lilivyo. Ukilichezea, tutaonana."

Maneno hayo mawili ya mwisho yakamkaa Benigna kifuani.

Jumapili aliliweka jiwe kwenye ndoo. Jumatatu akalitoa, akalianika, jioni akalirudisha majini. Jumanne vilevile. Jumatano asubuhi alipoliinua, kona moja ikabaki mkononi mwake. Akashtuka, akaligeuza, na upande wa pili ukamong'onyoka kama kiporo cha ugali. Chini ya ndoo kulikuwa na tope la kijivu.

"Mama yangu wee! Nimelivunja!"

Akakumbuka kwamba jana yake rafiki yake Wema alimwita kucheza rede, naye kwa haraka akalitua jiwe kwa kishindo. Basi ndiyo hivyo. Ni yeye. Aliisikia sauti ya baba masikioni: tutaonana, tutaonana.

Macho yake yakatua kwenye mafiga. Moja lilikuwa gumu, la kijivu chini ya masizi, limechongwa nalo pande zote, ukubwa uleule. Bibi alipotoka kwenda kwa jirani, Benigna alilichukua figa lile, akalisugua kwa mchanga na majivu mpaka kucha zikamuuma, akalitumbukiza ndooni. Mahali pake jikoni akasimamisha kipande cha tofali lisiloiva vizuri. Vile vipande vya jiwe akavifukia kwenye shimo la takataka.

Alidhani ataona nafuu. Wapi! Siku zile mbili zilizofuata hofu ilitembea naye kama kivuli. Mlango ukigongwa, anakimbilia jikoni. Baba akikohoa, anainamisha kichwa.

"Una nini wewe?" Wema alimuuliza Ijumaa wakati wa mapumziko. "Umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa."

"Sina kitu."

"Usinune basi! Mbona nyie mna bahati? Mdogo wako Saimon si ndiye ataanza darasa la kwanza kwenye madarasa mapya?"

Hilo Benigna hakuwa amelifikiria kabisa. Alimwona Saimon amekaa kwenye dawati, miguu haifiki chini, na nyuma yake ukuta uliosimama juu ya mawe yanayogeuka tope mvua ikinyesha. Masomo yote yaliyobaki siku ile hakusikia hata neno.

Jumamosi asubuhi fundi Polikarp alifika na nyundo yake. Wajumbe wa kamati wakazunguka ndoo. Akalitoa jiwe, akaligonga. Ngee! Akaligonga tena, akatega sikio. Ngee!

"Chuma hiki!" akasema. Kisha akalisogeza karibu na macho. "Lakini mbona hapa kwenye ufa pana weusi?"

Benigna akajibu bila kumtazama. "Ndiyo... ndiyo rangi yake, Babu."

"Mzee Polikarp naye!" baba akacheka. "Jiwe limelia kama kengele ya kanisa, wewe unatafuta weusi. Bwana Sixbert anakuja saa kumi, tunatia saini, Jumatatu malori yanaanza kuleta."

Kamati ikabaki pale uwanjani kusubiri, na Benigna akaenda kupika maharage ya wageni. Sufuria kubwa ilichemka, ikafurika, maji yakateremka kwenye tofali. Saimon alichuchumaa pembeni, amekodoa macho, anangoja kuonja. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake.

"Wewe mtoto umekuwa kimya wiki hii. Kitendawili!"

"Tega," Benigna akajibu kwa sauti ndogo.

"Nimeubeba siku nyingi. Mkono hauushiki, jicho haliuoni, lakini mgongo umepinda."

"Sijui, Bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa Mbinga."

"Mbinga naipokea, ingawa baridi yake inaniuma magoti. Haya, jibu lake ni..."

Tofali likapasuka. Sufuria ikainama. Benigna aliruka, akamkamata Saimon kwa shati na kumvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili mlangoni. Maharage yanayotokota yakamwagika palepale alipokuwa amechuchumaa mtoto. Mvuke ukajaa jikoni. Saimon alilia kwa woga tu. Hakuungua hata kidole.

Wanaume wakaja mbio. Mzee Romanus akaokota kipande cha tofali kilichogeuka udongo. "Nani kaweka takataka hii chini ya sufuria? Figa liko wapi?"

Nje, lori la Bwana Sixbert lilikuwa limesimama, na mwenyewe alikuwa anaingia uani na karatasi zake kwapani. Benigna alizitazama karatasi, akamtazama Saimon aliyekuwa anatetemeka mikononi mwa Bibi. Alikuwa anamwogopa baba yake kuliko wakati wowote maishani mwake. Akasema hivyohivyo.

"Baba, figa ndilo mlilogonga asubuhi. Jiwe la Bwana Sixbert nililivunja Jumatano. Nililitua kwa kishindo, halafu likamong'onyoka. Nikaogopa. Msitie saini, Baba. Nipige, lakini msitie saini."

Baba alifungua mdomo, lakini fundi Polikarp aliinua mkono. "Vipande viko wapi, mjukuu wangu?"

Benigna akavifukua kwa mikono yake. Mzee alikichukua kimoja, akakibana kati ya vidole viwili. Kikawa unga.

"Nani alikwambia umelivunja?" akauliza taratibu. "Jiwe la msingi linabeba ukuta na paa miaka hamsini. Kama linashindwa na mkono wa msichana wa darasa la sita, basi tumepata jibu. Tulilitia majini ili litwambie lilivyo. Likatwambia Jumatano. Wewe ukaliziba mdomo."

Bwana Sixbert alijikuna kichwa. "Mzee, sikuficha kwa makusudi. Hilo ni la tabaka la juu, ndilo jepesi kuchonga. Magumu yako chini kabisa."

"Basi twende tukayaone," alisema fundi. "Na safari hii utakaa kando, nitachagua mwenyewe."

Wakapanda lori lilelile, na Benigna wakamchukua. Chimboni, mawe yaliyopangwa mbele yalikuwa mazuri kama ya picha. Fundi aliyapita bila kuyatazama. Akachomoa moja kutoka katikati ya rundo, mawili kutoka tabaka la chini, akayagonga, akayapakia. Wiki nzima yakalowekwa na kuanikwa. Lile la rundo likafa siku ya tatu. Ya chini yakatoka magumu vilevile. Ndipo kamati ikakubaliana na Bwana Sixbert: mawe ya tabaka la chini tu, na kutoka kila lori, jiwe moja linaingia ndooni.

"Na mlinzi wa ndoo?" aliuliza Bwana Sixbert.

"Benigna," alisema mzee Romanus. Akamshika binti yake bega. "Nami nilikosea. Nilikudai jiwe zima, wakati nilichohitaji ni kujua ukweli wa jiwe. Nilikutisha, ukaogopa kunieleza. Lakini wewe nawe jua hili, mwanangu: kosa lililosemwa mapema lingetugharimu jiwe moja. Lililofichwa lilitaka kutugharimu madarasa mawili na watoto waliomo. Likivunjika tena, utafanyaje?"

"Nitakuja mbio kukuambia, Baba. Hata ukiwa umelala."

Jioni ya siku ile Benigna alirudisha mahali pake figa ambalo fundi alikuwa amelitumia kulinganisha na mawe mapya, akalitikisa mara mbili kuhakikisha halichezi. Halafu akakaa karibu na kigoda.

"Bibi, kile kitendawili nimekipata. Ni uongo."

Bibi akatabasamu, akaupapasa mgongo wa mjukuu wake kwa kiganja, juu mpaka chini.

"Kweli umenyooka," akasema. "Haya, chukua Mbinga yako."